Mfungaji Hasemeshwi

Mpira ulishuka katikati ya ringi bila kugusa chuma, ukadunda chini, ukabingirika hadi miguuni mwa watazamaji, na hakuna aliyeshangilia. Sindano alikuwa bado ameinua mkono wa kulia, vidole vimeinama kama alivyofundishwa. Alikuwa akingoja kelele. Siku zote kelele ndizo zilizomwambia kwamba sasa anaweza kurudi kwa watu. Siku hiyo hazikuja. Akageuka kudai mchezo uendelee, ndipo alipoona wachezaji wote, wa timu yake na wa timu pinzani, wamejikusanya katikati ya uwanja wakiwa wamempa mgongo, na kwenye upenyo wa miguu yao kiatu cha mdogo wake kimelala ubavu.

Kipenga kilikuwa kimepulizwa, kikapulizwa tena. Mwamuzi alikuwa amepunga mikono yote miwili. Mlinzi aliyekuwa akimkaba Sindano alikuwa ameshusha mikono yake na kukimbilia kule wenzake walikokimbilia. Sindano hakusikia wala hakuona. Mpira alikuwa ametupiwa na mdogo wake huyo huyo, kabla tu hajaanguka. Akaudaka, akanyanyua macho, akafunga. Jamani, akafunga! Mtoto wa mama yake yuko chini, hapumui, na yeye akafunga goli safi kuliko yote aliyowahi kufunga maishani mwake.

Kwa hiyo watu wakapata la kusema. Wapo waliosema amefunga juu ya maiti ya mdogo wake. Wengine wakatia chumvi, wakasema alimruka. Midomo ya watu haina likizo, na msiba wa mwenzio ni mtamu kusimulia ukiwa umeshiba. Lakini mimi nasema, kabla hujamhukumu, ujue kwanza jinsi yale masikio yalivyozibwa, na nani aliyaziba.

Wale dada wawili walifanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kilichofua mashuka ya mahoteli na ya hospitali. Fundi wa boila la mvuke, mtu mfupi mwenye kikohozi, ndiye aliyeanzisha timu ya netiboli ya wanawake wa pale, na tangu hapo hakuitwa tena fundi, aliitwa Mwalimu. Alimwona dada mkubwa akirusha taulo zilizolowa kwenye kapu la mbali bila kukosa, akamwita pembeni. Akamchomelea ringi kwa bomba kuukuu la mvuke, akaitundika ukutani karibu na mashine za kukamulia.

“Mikono unayo,” alimwambia, “lakini masikio yako wazi kama mlango wa soko. Mtu akikohoa tu, mpira unapotea.”

Akamfundisha kuyafunga. Kila mapumziko ya mchana wanawake walimzunguka, mashine zikinguruma, wakampigia makelele na kumtania kwamba sketi imechanika nyuma, kwamba mchumba wake ameonekana na mwingine, tena mwenye meno mazuri. Mwanzoni aligeuka. Alicheka, alikasirika, alikosa. Mwalimu akawa anamwambia neno lile lile kila siku: “Ukishafunga kamba za viatu, wewe si mtoto wa mtu wala si dada wa mtu. Wewe ni mkono, na kule juu kuna ringi. Basi.” Kidogo kidogo akaweza. Siku moja walimmwagia maji ya baridi mgongoni na mpira ukapita vile vile, na wanawake wakanyamaza wenyewe kwa hofu kidogo. Ndiyo siku aliyopewa jina la Sindano, kwa sababu mpira wake ulipita kwenye ringi kama uzi kwenye tundu.

Timu nayo ikajiwekea sheria: mfungaji hasemeshwi. Akishafunga kamba za viatu, hakuna wa kumwambia neno mpaka kipenga cha mwisho. Liwe la heri, liwe la shari, litamngoja.

Sindano aliupenda ushindi, nani asiyeupenda? Ila alikipenda zaidi kile kimya. Kilikuwa kimya kitamu, cha kwake peke yake, hakina mashine, hakina msimamizi wa zamu, hakina mama anayeuliza kwa nini unga umekwisha. Na tuseme ukweli, hakina Redio.

Redio ndilo jina walilompa mdogo wake, na nani angemwita vingine? Alikuwa hazimiki. Kukunja shuka la kitanda kikubwa kunataka watu wawili: kila mmoja anashika pembe mbili, mnarudi nyuma mpaka shuka linanyooka, mnakunja, kisha mnakutana katikati ili mmoja amkabidhi mwenzake pembe zake. Redio alisema pale walipokutana. Akianza habari kwenye shuka hili, ataimalizia kwenye lile, na habari ya jirani mmoja aliyenunua kabati iliweza kumaliza toroli zima la mashuka. Sindano aliitikia “ehee” na “kumbe” bila kujua anachoitikia. Ungemuuliza jioni mdogo wake alisema nini kutwa nzima, angekwambia, “Si unamjua? Maneno tu.”

Lakini siku ya mechi, huyo huyo Redio ndiye aliyekuwa askari wa ile sheria. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo, mikono kiunoni, akawafukuza hata viongozi. “Msimsemeshe! Hamna adabu? Mfungaji hasemeshwi!” Yeye, ambaye hakuweza kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, dada yake akishafunga kamba alitia ulimi ndani na kumlinda kwa macho.

Isipokuwa siku ile.

Habari hiyo Sindano aliipata baada ya mazishi, wanawake wakiwa wameketi mkekani wamemzunguka mama. Mlinda goli wao, mwanamke mtu mzima ambaye timu nzima ilimwita Shangazi, alikuwa akisimulia huku akijifuta pua kwa ncha ya kitambaa. “Na alivyokuwa mzima wa afya, mama! Mpaka tunatoka chumbani. Hata nikashangaa, nikamwona amemwinamia dada yake anamwambia jambo. Nikasema moyoni, huyu leo anavunja sheria yake mwenyewe?”

Mama aliinua kichwa. Tangu msiba uingie hakuwa amemtazama Sindano usoni. Si kwa chuki, alikuwa tu akitazama palipo wazi. Sasa alimtazama.

“Alikuambia nini?”

 Sindano alikumbuka benchi, kamba nyeupe za viatu, fundo la pili. Alikumbuka kivuli mbele yake na midomo ikichezacheza. Sauti haikuwepo. Mkeka mzima ulikuwa unamngoja.

“Nitakumbuka, mama,” akasema. “Kichwa kikitulia, nitakumbuka.”

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeahidiwa kitu na ameamua kuamini. Hakuuliza tena siku ile wala siku zilizofuata. Lakini kila asubuhi alimmiminia chai, akaketi mbele yake, akamtazama mpaka kikombe kiishe. Sindano alijua anachongojewa. Heri angepigwa.

Daktari alikuwa ameeleza kwamba moyo wa marehemu ulizaliwa na kasoro, na ungeweza kusimama hata akiwa jikoni anachuja chai. Alisema kwa upole, na bila shaka alisema kweli. Ila daktari hakuijua ile sheria. Hakujua kwamba mtu aliyeilinda kuliko wote ndiye aliyeivunja, na mtu wa namna hiyo haivunji kwa habari ya kabati la jirani. Je, kama alikuja kusema kifua kinambana? Kama alisema, “Dada, leo sijisikii vizuri, mwambie Mwalimu anipumzishe”? Neno moja lingetosha. Au pengine alikuwa ameazima soksi bila ruhusa. Sindano aliomba ziwe soksi. Aliomba kwa moyo wote, halafu akajiona mjinga, kwa kuwa maneno yaliyokwisha kusemwa hayaombewi.

Kazini walimpa mwenzake mwingine wa kukunja naye, mama mmoja mpole aliyemwonea huruma na kwa hiyo hakusema neno. Walirudi nyuma, wakanyoosha, wakakutana. Wakirudi nyuma, wakinyoosha, wakikutana, kimya. Kile kimya alichokuwa akikitafuta miaka yote sasa alipewa bure, kutwa nzima, na alikuwa hakitaki. Kila akifika katikati na pembe zake alijikuta amejiandaa kuitikia.

Mwalimu alimfuata huko huko kwenye mashuka. Alisimama upande, kofia mkononi, akakohoa mpaka yule mama mpole akaelewa na kwenda kuchukua toroli jingine.

“Fainali imeamuliwa irudiwe,” alisema. “Wanasema ilivunjika, haikwisha. Sikulazimishi, mwanangu. Nimekuja tu nisije nikaonekana nimekuficha.” Akaigeuza kofia. “Na kama mimi ndiye niliyekuharibu, niambie hapa hapa. Usinione mtu mzima ukanistahi.”

Sindano aliweka shuka chini. “Ni uwanja ule ule?”

“Ule ule.”

“Na chumba cha kubadilishia?”

“Kile kile. Kwani kuna nini?”

“Nitacheza,” akasema.

Nyumbani mama alisikia akaacha kufagia. “Kaburi la mwenzio halijakauka udongo, na wewe unakwenda kurusha mipira?”

“Nakwenda kuyatafuta, mama.”

 Wazo lilikuwa limemjia akikunja mashuka, akalishika kwa nguvu zote kama mtu anayezama: kwamba yale maneno hayajapotea. Masikio yaliyapokea, yakayaweka huko ndani, na mlango ukafungwa. Akirudi pale pale, akaketi vile vile, akakiita kile kimya kikaja, atayakuta. Usicheke. Nawe ungekuwa na mama anayekutazama hivyo kila asubuhi, ungelishika wazo lolote. Siku ya mechi aliamka akakuta sketi yake ya michezo imepigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Mama alikuwa uani, hakutoka kumuaga.

Chumba kilikuwa kile kile: mabenchi ya mbao, rangi iliyobanduka, bomba linalodondosha maji ndani ya ndoo. Sindano aliketi mwisho wa benchi, chini ya dirisha. Wenzake walivaa bila kelele. Mchezaji mpya, msichana wa sehemu ya kupiga pasi, alikuwa amevaa fulana ya Redio ya nafasi ya kati na kila mara aliivuta shingoni kana kwamba inamkaba.

“Shangazi,” Sindano akaita kabla hajagusa kamba. “Alisimama wapi?”

Mwanamke yule akasita. Kisha akaja akasimama mbele yake. “Hapa. Akainama. Akakushika goti.”

“Alinishika goti?”

“Hukumbuki?”

Hakukumbuka. Alilitazama goti lake. “Alikuwa akicheka au amenuna?”

“Nilimwona mgongo tu, mwanangu. Uso ulikuwa kwako.”

Sindano akainama akaanza kufunga kamba. Fundo la kwanza, fundo la pili. Akapumua kama alivyofundishwa, na kile kimya kikaja bila ubishi, kitiifu kama zamani. Wenzake wakafifia. Bomba likaacha kudondosha. Akaingia ndani yake akipapasa, huku na huku, kama mtu anayetafuta kibiriti chumbani gizani. Kivuli kikaja. Midomo ikaja, hata pengo dogo la jino la mbele akaliona. Midomo ikacheza, ikacheza, ikafunga. Hakuna sauti. Akairudisha mwanzo, ikacheza tena bila sauti. Shangazi alimgusa bega na kumwonyesha mlango kwa kidole, kama sheria inavyotaka. Muda ulikuwa umefika.

Watu walijaa siku hiyo kuliko kawaida, wengine kwa mapenzi ya mchezo, wengi kuja kumwona mwenye moyo wa jiwe. Mpira wa kwanza ulipomfikia aliogopa. Alidhani mikono itatetemeka. Kusema kweli alitumaini itatetemeka. Mpira ukapita katikati. Wa pili ukapita, na wa baada yake. Mikono haikuwa na msiba. Ilijinyoosha, ikakunja kiwiko, ikaachia, na kila mara ringi ikameza. Akaichukia mikono yake kama anavyochukiwa mtu anayecheka matangani.

Kipindi cha mwisho timu zikiwa sawa, alipokea mpira akiwa karibu kabisa na mlingoti. Mfungaji hana ruhusa ya kukaa na mpira, akizubaa anapokonywa. Pale pale, mlinzi amemnyooshea mikono usoni, Sindano akasimama. Kimya kilikuwa kimekamilika, hakijawahi kuwa safi vile. Akasema moyoni: sasa. Sema sasa, mdogo wangu, nakusikiliza. Midomo ikaja, ikacheza. Naye, akiwa ameukumbatia mpira, akaelewa. Hakuwa amesahau. Kusahau ni kwa aliyesikia. Yale maneno hayakuwahi kuingia. Yalifika masikioni yakakuta pamefungwa, yakamwagikia sakafuni pale chini ya benchi, na hakuna mahali popote duniani yalipowekwa.

Kipenga kikalia. Akakisikia. Mwamuzi akamnyang’anya mpira kwa kuchelewa akawapa wapinzani, na uwanja mzima ukamwingia kichwani kwa mkupuo mmoja: zomea zomea, mtoto anayelia jukwaani, mwuza maji anayenadi, pumzi nzito za mlinzi aliye mbele yake, viatu vikikwaruza, Mwalimu anakohoa. Alitamani kuziba masikio kwa viganja. Alijaribu kuuita ule mlango ujifunge, haukuwepo tena. Timu yake ilipoupata tena mpira, msichana wa sehemu ya kupiga pasi akamtupia, akaudaka, akasikia mtu nyuma ya goli akisema waziwazi, “Ndiye yule aliyefunga juu ya maiti,” akalisikia kila neno, akarusha. Ukapita katikati.

Walishinda. Wanawake wa kiwandani walimwinua juu wakaimba. Mwalimu alikaa kwenye nyasi akafunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika. Sindano alisikia wimbo wote toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyemwona akiimba.

Alifika nyumbani jua likiwa bado halijazama. Mama alikuwa kwenye ngazi za mlango wa uani akimenya viazi, sufuria la maji pembeni yake. Hakuuliza matokeo. Alisogea kidogo kumpa nafasi, akaendelea kumenya, na Sindano akaketi na sketi yake yenye vumbi. Njia nzima alikuwa amejiandaa kusema kweli. Sikusikia, mama. Sikusahau, sikusikia kabisa. Alikuwa ameyapanga hivyo, mafupi, ili asilie katikati.

“Umeyapata?” mama akauliza, kisu kimesimama.

Akamtazama. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio moja limemgeukia, mdomo umefunguka kidogo.

“Nimeyapata,” Sindano akasema.

“Ehee.”

“Alisema… alisema viatu vyangu vimechoka. Tukishinda, twende wote kununua vingine, na rangi achague yeye.”

 Ganda la kiazi lilikuwa linaning’inia kwenye kisu. Mama alilitazama, akalikata, likaanguka.

“Ni hayo tu?”

“Ni hayo tu.”

“Mafupi hivyo?” Mama akacheka kidogo kupitia puani, na machozi yakamtoka palepale. “Mwanangu yule? Tangu lini akasema jambo likaisha?”

 Sindano alikuwa ameshikwa na alijua ameshikwa. Akangoja afukuzwe pale ngazini, akaona ni haki yake. Mama alijifuta uso kwa mgongo wa mkono uliolowa, akachukua kiazi kingine, akakigeuzageuza bila kukimenya.

“Kwanza asingeanza hivyo,” akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na haikuwa na ugomvi. “Kila alipokuja kukusumbua alianza na neno moja. Hujawahi kulisikia? Nyumba nzima tulilisikia. ‘Dada, usinikasirikie.’ Ndiyo anaanza. Halafu ndiyo anaunganisha na mengine, na mengine.”

“Sikuwahi,” Sindano akanong’ona.

“Basi anza hapo. Taratibu. Usiruke.”

Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa akipiga msumari. Mahali fulani mtu aliita mtoto, akaita tena. Sindano alisikia vyote viwili, akasikia na pumzi ya mama yake ikisubiri.

“Dada,” akasema, “usinikasirikie.”